Ng'ombe Aliyekula Maharage ya Darasa la Pili

Binti yangu wa mwisho ameanza kufundisha, na juzi alikuja hapa kwangu Kakiika, Mbarara, na wenzake wawili, wote wapya kazini. Walikaa barazani, wakafungua madaftari, wakasema, "Mama, tuambie ulikuwa unafundishaje watoto wadogo kutambua sehemu za hadithi." Nikawaambia wafunge madaftari kwanza, tunywe chai. Tulikunywa chai, tukacheka, na walipoondoka nikagundua kwamba jambo kubwa sikulisema. Ndiyo maana nimekaa kuandika. Haya ni yenu ninyi watatu, na ya kijana mwingine yeyote mtakayempa asome.

Nilifundisha madarasa ya chini katika ukanda wa Juru, kwenye kambi ya wakimbizi ya Nakivale, mpaka magoti yangu yalipokataa kuchuchumaa. Mwalimu wa watoto wadogo asiyeweza kuchuchumaa amekwisha kustaafu, hata kama barua yake haijaandikwa. Shule yetu ilijengwa na wazazi wenyewe: kuta za udongo, bati juu, mkeka mmoja mkubwa mbele kwa sababu madawati hayakutosha. Watoto walikuwa wa kutoka kwetu Kongo, Kivu ya Kusini, wengine wa Burundi, wengine wa Uganda hapahapa. Kila mmoja alikuja na lugha ya mama yake mfukoni, na Kiswahili ndicho kilichotukutanisha, kila mtu na chake.

Mwanzoni nilifundisha vibaya. Nilisomea ualimu kwetu, kwa Kifaransa, na nilipenda maneno makubwa. Basi niliandika ubaoni: MHUSIKA. MANDHARI. TATIZO. SULUHISHO. Watoto wakayaimba wiki nzima, sauti zikasikika mpaka barabarani, nami nikajiona fundi. Ijumaa nikauliza, "Mandhari ni nini?" Mtoto mmoja akasimama wima, mikono nyuma, akajibu bila kusita, "Mandhari ni mke wa mhusika." Nikatazama darasa nione nani atamsahihisha. Wote walikuwa wanatikisa vichwa kukubali.

Aliyeniokoa ni Mwalimu Hadija wa Nyamityobora, mtaa wa hapo Mbarara mjini. Tulikutana katika mafunzo ya walimu. Yeye alikuwa amefundisha darasa la kwanza miaka mingi kuliko mimi, mama Mwislamu wa familia ya wafanyabiashara, mwenye sauti ndogo na macho makali. Nilipomsimulia habari ya mke wa mhusika alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akasema kwa Kiswahili chao cha mjini, "Wewe unapea mtoto jina ya kitu na bado hajashika kitu. Mtu hajui sufuria kwa kuimba sufuria. Anajua kwa kupika."

Akanipa maswali matano, na mpaka leo sijapata mengine yanayoyazidi. Nani? Wapi? Kumetokea nini? Wakafanya nini? Ikaishaje? Maneno makubwa yatakuja yenyewe mtoto akishazoea kuuliza. Akanipa pia kanuni moja ngumu: ukishauliza, funga mdomo. Hesabu kimoyomoyo mpaka kumi. Mwalimu mpya akifika tatu anaanza kujijibu mwenyewe.

Mengine niliyaongeza mimi. Nilikusanya vizibo vya soda, nikawa natembea navyo mfukoni. Mkeka ndio ulikuwa jibu la wapi: shamba, soko, msitu, chochote hadithi inachotaka. Kila anayetajwa katika hadithi anawekewa kizibo chake juu ya mkeka. Tatizo lilikuwa jiwe. Tukilipata, mtoto mmoja anaenda kuliweka katikati, na hadithi haiishi mpaka tujue nani atalitoa na vipi. Watoto walilipenda jiwe lile. Wakaanza kulitafuta hata majumbani. Mzee mmoja wa kanisa alinisimamisha njiani akalalamika, "Mwalimu, kila nikisimulia kitu, mutoto wangu ananiuliza jiwe iko wapi. Jana nilikuwa namwambia tu vile nilinunua chumvi."

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Kulikuwa na Jumatano moja ya mvua. Kitabu chetu cha hadithi, kimoja tu, kilikuwa kimelowa kwa sababu ya tundu la bati, nikakianika dirishani. Watoto wa darasa la pili walikuwa wananitazama, kwa hiyo nikatunga hadithi palepale. Mama mmoja alilima maharage bondeni. Yakaota vizuri, yakatoa maua. Asubuhi moja akaenda shambani, akamkuta ng'ombe ndani, anatafuna. Mama akaketi chini akalia. Nikaishia hapo makusudi, ili mwisho wautafute wenyewe.

"Nani?" nikauliza.

"Mama na ngombe." Vizibo viwili vikawekwa.

"Wapi?"

"Ku shamba."

"Kumetokea nini? Jiwe letu ni lipi?"

Sauti nyingi kwa pamoja: "Ngombe imekula maharage." Jiwe likawa tayari mkononi mwa mtoto mmoja. Ndipo Naomi akanyoosha mkono. Alikuwa mtoto mtulivu wa familia ya wafugaji, wa kukaa pembeni mwa mkeka pamoja na wenzake wa huko kwao.

"Mwalimu, jiwe iko njia," akasema. "Ule mama alilima mu njia. Ngombe itapita wapi kuenda ku maji?"

Sikuhesabu mpaka kumi. Sikuhesabu hata mbili. Nilisema, "Hapana, Naomi. Sikiliza hadithi vizuri. Kaa chini." Baadaye walipochora tatizo katika madaftari, Naomi alichora njia yenye maharage juu yake, nami nikaweka alama ya kosa kwa wino mwekundu.

Wakati wa mapumziko baadhi ya watoto walimzunguka wakaimba kwamba ng'ombe wa kina Naomi ni wezi wa maharage. Zawadi, mtoto mdogo mwenye pengo la meno ya mbele, ndiye aliyeanzisha wimbo. Wakasukumana. Naomi akaanguka kwenye kizingiti, mdomo ukapasuka. Nilimwosha, nikawagombeza wengine, nikamsindikiza mpaka njia panda. Nikadhani yamekwisha.

Alhamisi asubuhi upande ule wa mkeka ulikuwa mtupu. Si Naomi tu. Watoto wote wa wafugaji hawakuja.

Mwalimu mkuu, Mnyankore, mwenyeji wa eneo lile, mpole asiyependa kelele, aliniita nje. "Mwalimu Faida, wewe ulisema nini kwa darasa? Wazazi walifika hapa saa moja. Wanasema unafundisha watoto kuchukia wengine. Hiyo ng'ombe ya hadithi, wanasema ni ng'ombe ya Baba Naomi."

"Ng'ombe gani wa Baba Naomi?"

Akanitazama kama mtu anayetafuta kujua kama ninamdanganya. Kisha akanieleza. Wiki iliyotangulia, nilipokuwa nimelala na malaria upande wangu wa bonde, ng'ombe wa Baba Naomi aliingia kweli katika maharage ya jirani yake. Na jirani huyo ni nani? Baba wa Zawadi, yule mtoto wa pengo. Baba Zawadi aliamka akakuta nusu ya shamba imelala chini, na alama za kwato zinaelekea kwa jirani. Akangoja jirani aje aseme neno. Hakuja. Akapeleka shauri kwa mwenyekiti wa kijiji. Sasa wanaume wa pande zote mbili walikuwa wameanza kutembea kwa makundi, wakulima na wakulima, wafugaji na wafugaji. Katikati ya moto huo mwalimu wa darasa la pili anasimama anasimulia hadithi ya ng'ombe na maharage, na anamwambia binti wa mfugaji akae chini.

Vijana wangu, mimi nimetoka milima ambako niliona ugomvi wa shamba moja ukifika mahali ambapo hakuna aliyekumbuka tena shamba. Sitawaeleza zaidi ya hapo.

Kulikuwa na jambo lingine ambalo sikumwambia siku ile, ila ninyi nitawaambia. Ile hadithi sikuitoa hewani. Yalikuwa maharage ya baba yangu. Nilikuwa na umri kama wa Naomi, nilisimama kando ya shamba letu nikimwona baba anaokota mashina yaliyotafunwa. Naomi aliposema jiwe ni njia, aliyemjibu hapana hakuwa mwalimu. Alikuwa yule mtoto wa mkulima.

"Kwa sasa hadithi basi," mwalimu mkuu akasema. "Fundisha herufi na hesabu. Jumatatu kamati ya wazazi itakaa. Wataamua kama unabaki."

Jumamosi nilikwenda Mbarara kwa Mwalimu Hadija. Alikuwa ameshaacha kazi, anauza vitambaa na nyuzi mbele ya nyumba yake pale Nyamityobora. Alinipa kigoda, akaendelea kupima kitambaa cha mteja, nami nikasimulia yote. Mteja alipoondoka akauliza swali moja.

"Ulisimamisha vizibo ngapi?"

"Viwili. Mama na ng'ombe."

"Na mwenye ng'ombe?"

Akahesabu, nina hakika alikuwa anahesabu, na alipofika kumi mimi ndiye niliyesema: "Sikumweka."

"Mtoto alikuwa anatafuta baba yake kwa hiyo mkeka. Hakumwona." Akakunja kitambaa chake polepole. "Sasa usiende kwa hiyo mzee na maelezo. Maelezo ni ya kamati. Enda bila chaki. Mwambie akupatie hadithi kutoka upande yake, na wewe sikiliza tu."

"Na akinifukuza?"

"Akikufukuza utarudi nyumbani na miguu yako mwenyewe. Lakini utakuwa umeenda."

Jumapili baada ya ibada nilishika njia ya kwa Baba Naomi. Mume wangu alitaka kunisindikiza, nikakataa. Wawili tungeonekana kundi. Nilimkuta Baba Naomi anafunga miti ya zizi. Naomi alichungulia mlangoni, mdomo bado umevimba, akarudi ndani. Baba yake hakunikaribisha kuketi.

"Mwalimu, umekuya kuangalia ngombe mwizi?" akauliza bila kugeuka.

"Nimekuja kuomba msamaha kwa mdomo wa mtoto," nikasema. "Na nimekuja kusikiliza. Hadithi niliyosimulia ilikuwa na upande mmoja. Sikujua ya kwako. Naapa sikujua."

Alifunga kamba mbili, tatu. Nami nikahesabu. Hesabu ya siku ile ilipita kumi mara nyingi. Mwishowe akaweka kamba chini.

"Ile ngombe iko na mimba," akasema. "Usiku ilikata kamba ikafuata njia ya maji, ile njia tunapitaka miaka yote. Walipogawa mashamba upya, njia ikalimwa. Ngombe haijui kama njia imelimwa. Asubui niliona kamba imekatika, nikafuata, nikaona. Nikasikia haya. Nikaenda kwake palepale, mu mvua."

"Kwa nani?"

"Kwa Baba Zawadi. Hakukuwa. Nilikuta mutoto tu, ule hana meno ya mbele. Nikamwachia neno. Nikasema ngombe yangu ilikula yenu, baba yako aniite tusemezane. Nikangoja. Hakuniita. Nikasikia iko kwa mwenyekiti ananishitaki. Sasa unataka mimi nifanye nini tena? Nikapige magoti mara mbili?"

Nilimwuliza kama neno hilo alimwambia mwenyekiti. Akasema mwenyekiti bado hajamwita, na njiani hawezi kumsimamisha Baba Zawadi, anayetembea na watu wanane.

Niliondoka pale nikitembea haraka kuliko nilivyokuja. Niliogopa nikichelewa nitapoteza ujasiri. Kwa Baba Zawadi nilimkuta yeye na mkewe wanachambua maharage yaliyobaki, na Zawadi anacheza na maganda. Walinikaribisha, kwa maana kwao mimi nilikuwa mwalimu aliyesema vizuri. Jambo hilo liliniuma zaidi ya ukali wa jirani yao.

Hapa nisikilizeni vizuri, kwa sababu ni ufundi. Ningeweza kusema, "Zawadi, si Baba Naomi alikuja hapa?" Mtoto wa miaka saba angejibu ndiyo. Angejibu ndiyo hata kama ningemtaja mfalme. Na baba yake asingeamini, na angekuwa na haki. Mtoto usimpe jibu kisha ukamshukuru kwa kulirudisha.

Nikamwambia Baba Zawadi, "Niruhusu nimuulize mtoto maneno machache. Nakuomba usimsaidie." Akakubali, akidhani ni mambo ya shule. Nikachuchumaa, nikatoa vizibo mfukoni, nikaviweka mbele ya Zawadi.

"Zawadi, siku ile mliyoamka mkakuta maharage yameliwa. Nani alikuwa hapa nyumbani?"

"Mimi." Akaweka kizibo.

"Nani mwingine?"

"Mama alienda ku shamba kulia. Papa alienda ku maji." Akafikiri. "Na mutu."

"Mtu gani?"

Nikafunga mdomo. Baba yake akataka kusema, nikainua mkono kidogo.

"Mutu ya koti ya mvua," Zawadi akasema. Akaweka kizibo kingine. "Na fimbo. Ni ule papa wa Naomi."

Mikono ya Baba Zawadi ikaacha kuchambua.

"Alisimama wapi?"

"Pale, fasi ya kuni. Hakuingia. Alikuwa analowa."

"Kumetokea nini?"

"Aliniuliza papa iko wapi. Nikasema iko ku maji."

"Halafu?"

"Akasema ngombe yake ilikata kamba, ikakula maharage yetu. Akasema anasikia haya. Akasema papa amuite basemezane."

"Halafu?"

"Akaenda. Mimi nikakula kiazi."

Baba Zawadi akauliza kwa sauti ya chini, "Zawadi, juu ya nini haukuniambia?"

Mtoto akamshangaa. "Nilikuambia, papa. Nilisema, papa, mutu alikuya. Ukasema, sawa."

Mama Zawadi akageuza uso kando, mabega yakaanza kutikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka. Baba Zawadi naye akaegemea ukuta, akajifuta uso kwa kiganja. "Ni kweli," akasema. "Alisema mutu alikuya. Nikasema sawa. Siku kumi nangoja neno ya ule muzee, na neno liko hapa kwangu, linakula viazi."

Akasimama, akachukua kofia. Nikamwuliza kama twende wote. "Hapana, Mwalimu. Hii sasa ni ya kwetu bawili."

Nilibaki nikichambua maharage na Mama Zawadi. Kila mmoja wetu alikuwa anasikiliza upande wa jirani, kama kutakuja kelele. Jua lilianza kuinama. Hatimaye tukawaona wanakuja, wawili tu, hakuna kundi. Hawakupita nyumbani. Walikwenda moja kwa moja shambani wakasimama pale maharage yalipolala. Tulikuwa mbali, maneno hayakutufikia. Kuna wakati fimbo ya Baba Naomi iliinuka, na mimi na Mama Zawadi tukaacha maharage yatuponyoke mikononi. Ilikuwa inaonyesha tu. Ilionyesha bonde, ikaonyesha maji, ikashuka. Baba Zawadi akaanza kupima kwa hatua ukingoni mwa shamba, jirani yake akifuata nyuma na kukanyaga palepale.

Walikubaliana hivi: mistari miwili ya pembeni haitapandwa tena, ng'ombe wapite. Baba Naomi ataleta samadi, na familia yake itakuja kusaidia kupanda upya kilichokufa. Waliporudi nyumbani Baba Zawadi aliniambia hayo kwa kifupi, kisha akamwambia mkewe amtilie jirani chai. Nilipokea kikombe changu, nikakishika kwa mikono miwili.

Jumatatu kamati ilikaa. Baba Naomi na Baba Zawadi waliingia pamoja, jambo lililowafanya watu wageuke. Mwenyekiti wa kijiji alikuwepo, akasema shauri la maharage limefutwa na wenyewe. Lakini Baba Naomi aliomba kusema.

"Ya ngombe imeisha," akasema. "Ya mutoto wangu bado. Alipasuka mudomo. Na mbele ya ule mudomo kupasuka, mwalimu alimwambia hapana."

Alikuwa na haki. Nilisimama nikasema kosa langu bila kulizungusha: kwamba mtoto alijibu vizuri, kwamba nilimkataa bila kumsikiliza, kwamba watoto wengine waliona mwalimu amemkataa wakadhani nao wamepewa ruhusa. Nikawaambia na habari ya maharage ya baba yangu. Sikuwa nimepanga kuisema. Mzee mmoja wa wafugaji akauliza, "Kwenu ilikuwa fasi gani?" Nikataja kijiji. Akatikisa kichwa, akasema, "Napajua pale. Njia ya ngombe pale pia ilikuwa imelimwa." Wengine wakacheka kidogo, kwa upole, na mimi nikacheka nikiwa na machozi. Wakaamua nibaki.

Tulipotoka mwalimu mkuu alinipa mkono. "Sasa rudisha hadithi zako," akasema. "Lakini ng'ombe ipumzike kidogo. Kuna wanyama wengine."

Jumanne upande ule wa mkeka ulijaa tena. Nilimwita Naomi mbele, nikasema darasa lote lisikie: "Siku ile nilikuambia hapana. Jibu lako lilikuwa jibu. Mimi ndiye sikusikiliza." Naomi hakutabasamu wala hakununa. Alikwenda kwenye mfuko wake, akaleta daftari, akalifungua kwenye ule mchoro wa njia.

"Basi futa," akasema.

Wino haufutiki. Nikamweleza hivyo, nikaweka alama ya vema pembeni ya ile ya kosa. Alilisogeza daftari karibu na macho, akalinganisha, akaniambia ya kosa ni kubwa zaidi. Nikaichora tena ile ya vema, kubwa mpaka ikatoka nje ya mstari. Ndipo akarudi kukaa. Zawadi akamsogelea, na baada ya muda nikawaona wanagombania jiwe kama watoto wanavyogombania kitu, bila wazazi wao ndani yake.

Baada ya hapo nilibadilisha namna yangu. Kila tulipomaliza kuweka vizibo niliuliza, "Nani hatujamweka?" Swali hilo halikuwamo katika yale matano ya Hadija wala katika kitabu chochote. Mtoto akijibu nisichokitarajia, nilijizoeza kusema, "Niambie tena," kabla ya neno lingine lolote. Mara nyingi mtoto anakuwa amekosea tu, na akirudia anajisahihisha mwenyewe. Mara chache anakuwa ameona njia usiyoiona wewe. Huwezi kujua ni mara ipi kabla ya kumsikiliza. Na kabla sijatunga hadithi nilianza kuuliza habari za kijiji asubuhi, kwa wanawake wa kisimani. Msicheke. Ni maandalio ya somo.

Jambo moja zaidi kwa wale wanaosema hadithi ni mchezo wa kupitisha muda kabla ya hesabu. Zawadi alikuwa na neno la amani kichwani siku kumi. Alilipeleka kwa uaminifu. Alichokosa ni namna ya kulisema lote: nani, wapi, kumetokea nini. Nilikuwa mwalimu wake na nilikuwa sijamfikisha hapo. Naomi siku hizi yuko sekondari hapa Mbarara, hupita kunisalimu, na Zawadi nasikia anaongea bila kikomo, kila habari anaianza tangu alfajiri. Baba yake analalamika. Mimi silalamiki.

Jumanne ile, baada ya masomo, nilirudi nyumbani kwa barabara kubwa, nikisalimia kila mtu na kila mtu akinisalimia. Tangu Alhamisi nilikuwa sijamaliza sahani hata moja. Mume wangu alikuwa amepika ugali na sombe, majani ya muhogo ya kwetu. Nilikula sahani ya kwanza bila kusema, nikaomba ya pili. Kisha nikajilaza kidogo tu ninyooshe mgongo, jua likiwa bado juu, kuku bado uani, na usingizi ukanichukua palepale na viatu miguuni. Majirani walipopita kuuliza habari, mume wangu aliwaambia mwalimu amechoka, waje kesho. Nililala mpaka asubuhi.